Mazutu ndani ya Chevrolet

Gari la Kimarekani la miaka ya 1950 likikokotwa hadi kwenye gereji ya Kolwezi, swali la kwanza la fundi halihusu rangi wala viti. Anataka kujua linakula nini: esansi au mazutu. Huku mkoani Lualaba, Kongo, petroli ni esansi na dizeli ni mazutu, na mji unaendeshwa na mazutu. Ndiyo yanayosukuma malori ya shaba na kobalti kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, ndiyo yanayowasha jenereta za migodi umeme wa shirika la SNEL unapopungua, na ndiyo yanayobebwa kwa madumu hadi vijiji visivyo na kituo cha mafuta.

Kung'oa injini ya petroli kwenye gari la kale la Kimarekani na kupachika ya dizeli ni jambo linalogombanisha wapenzi wa magari hayo popote walipo. Kolwezi jambo hili lina uzito wa pekee. Mji, ulioanzishwa na kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1937, umeishi na dizeli kwa miongo mingi, na ardhi yake sasa inatoa madini ambayo dunia inayategemea ili kuiaga dizeli. Sauti zinazofuata nimezipanga mimi mwandishi. Ni hoja, si watu wa kutafutwa mitaa ya Manika na Dilala. Gari lao ni moja: tuseme ipo Chevrolet Bel Air ya 1956, silinda sita, bodi nzima, injini imechoka.

FUNDI: Nianze na motere yenyewe. Ni lita 3.9, ya kabureta. Kolwezi tuko karibu mita 1,450 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 15, na kabureta iliyopimwa kwa nchi ya chini haijui hilo. Inamwaga esansi ileile. Plagi zinaota masizi, gari linakosa nguvu, mwenyewe analia kwamba linakunywa kupita kiasi. Ukitaka kuifufua kama ilivyotoka kiwandani, pistoni uagize Marekani, gasketi uagize Marekani, halafu forodha ikungoje mpakani. Mimi nina nini karibu? Nina 1HZ ya Land Cruiser: lita 4.2, silinda sita za mstari mmoja kama za Chevrolet, haina kompyuta, haina hata turbo. Toyota wameifunga kwenye Land Cruiser tangu 1990, na hakuna mgodi hapa usio na Land Cruiser. Nguvu zake zinakaribiana na za motere ya zamani, kwa hiyo giaboksi na difu hazitapasuka. Ikizima usiku njia ya Dilolo, nitapata mtu anayeijua.

MTUNZAJI: Papa, nguvu ya motere hatubishani. Mimi natazama kitakachotupwa. Magari kama haya yaliingia Katanga wakati wa Wabelgiji, wakubwa wa kampuni walipokuwa wakiagiza Chevrolet, Ford na Dodge. Wazee wetu waliyaosha kabla ya kuyaendesha. Baada ya uhuru wa 1960 yakabaki mikononi mwao, na kila liliposimama moja, fundi wa hapa alilifungua. Ukiifumua motere hiyo leo utakuta silinda zilizochongwa upya, beringi zilizotengenezwa kwa chuma kilichopatikana siku hiyo, bolti za lori zilizolazimishwa mahali pasipo pake. Kumbukumbu ngapi za mafundi hao zimebaki? Mji ulipiganiwa Mei 1978, ukaporwa tena miaka ya 1990. Hawakuandika vitabu. Kazi yao imo ndani ya chuma hicho, nawe unataka kiishie kwa mnunuzi wa skrepa.

Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa asili, nami nimeiweka mapema kwa makusudi. Wakusanyaji wa Marekani wakipinga dizeli, mara nyingi wanalinda bei: gari ambalo namba ya injini yake inalingana na kumbukumbu za kiwanda huuzwa ghali mnadani. Kolwezi haina mnada huo. Anachokitetea Mtunzaji ni historia ya kazi, na anaitetea mahali ambapo historia hiyo imeandikwa na wengine, kwa Kifaransa, kwenye ofisi za mbali.

Hata hivyo, historia ya injini zenyewe haikai upande wake wote. Toyota ilipounda injini yake ya kwanza ya gari, ile iliyoitwa Aina A, katikati ya miaka ya 1930, ilifuata muundo wa Chevrolet ya silinda sita. Dizeli ya 1HZ si mtoto wa injini hiyo kwa damu, lakini kampuni iliyoiunda ilijifunza kazi kwa kufungua Chevrolet.

Na wa kwanza kujulikana kwa kutia dizeli kwenye gari la kifahari la Kimarekani alikuwa Mmarekani. Clessie Cummins wa Columbus, Indiana, alikuwa dereva na fundi wa tajiri wa benki, W. G. Irwin, aliyemfadhili kujenga injini za dizeli. Biashara haikwenda. Siku ya Krismasi mwaka 1929 akamchukua Irwin matembezi kwa Packard, na kumbe chini ya boneti ameweka injini ya boti. Siku chache baadaye, Januari 1930, akaiendesha Packard hiyo hadi New York, zaidi ya kilomita 1,200, kwa mafuta ya dola 1.38. Mwaka 1931 gari lake la mashindano, lenye chasi ya Duesenberg, lilikimbia kilomita 800 za Indianapolis bila kusimama kuongeza mafuta hata mara moja, likamaliza la 13. Mabadiliko tunayoyabishania Kolwezi ndiyo yaliyoiokoa kampuni ya Cummins.

FUNDI: Na Cummins tunamjua. Motere zake tumezifungua kwenye matruki ya migodi na kwenye majenereta. Watu husema kampuni ya madini ya Gécamines ilikufa. Uzalishaji ulikufa, sawa: shaba ilitoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ikaanguka hadi makumi machache ya maelfu muongo uliofuata. Lakini mikono haikufa. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa fedha za kuondoka, na wengi wetu tulikuwa watu wa atelie. Tulitoka na spana na akili. Ukiona gereji chini ya mwembe, usidharau. Aliyelala chini ya gari pale huenda alikuwa akipima pampu za matruki ya tani 100.

MTUNZAJI: Usisahau waliofukuzwa. Mwaka 1992 na 1993 mafundi wenye asili ya Kasai walisukumwa hadi stesheni za reli, Likasi na hapa Kolwezi, na familia zao. Nao walikuwa na mikono hiyohiyo.

FUNDI: Sisahau. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kupima nozeli.

DEREVA: Wazee wangu, mimi nataka gari litembee. Nitabeba watu wa harusi Jumamosi, siku nyingine niende Likasi. Kuhusu mazutu sina tatizo. Mvua za Novemba hadi Aprili zinajaza maji barabarani, na motere isiyo na plagi wala nyaya za kuwasha haizimiki ovyo kwa unyevu. Shida yangu ni breki. Nimeona jeep iliyobadilishwa motere: mwenyewe alifurahia nguvu mpaka alipofika mteremko.

Hapa mjadala unaingia mahali ambapo wengi huukwepa, nami ningependa ukae hapo kwa muda. Injini ya petroli, inapovuta hewa kupitia mlango wa kabureta uliobanwa, huacha utupu ndani ya mfereji wake wa hewa. Magari mengi ya petroli hutumia utupu huo kusaidia breki. Dizeli haina mlango wa kubana hewa. Inavuta yote inayoweza, na nguvu hupimwa kwa mafuta peke yake. Kwa hiyo utupu hakuna. Fundi asiyelikumbuka hilo atatoa gari linalokwenda vizuri na lenye pedali ya breki ngumu kama jiwe. Bel Air ya 1956 ina jambo jingine: breki zake zote nne zinalishwa na mfumo mmoja wa maji. Paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne yamekosa breki. Magari ya Marekani yalianza kugawiwa mifumo miwili kwa jumla mwaka 1967. Ukiongeza uzito wa dizeli mbele, kwenye springi zilizopimwa kwa injini nyepesi zaidi, ukaacha breki za 1956, umetengeneza hatari.

DEREVA: Ndiyo ninachosema. Nani anakubali kulipia breki? Mteja anakuja na pesa ya motere.

FUNDI: Basi arudi nazo. 1HZ ina pampu yake ya utupu nyuma ya alteneta, hilo limekwisha. Masta silinda iwe ya vyumba viwili, paipu zivutwe upya. Springi za mbele ziongezwe nguvu. Rejeta iwe kubwa. Tangi lioshwe, maana esansi ya zamani huacha utomvu unaoziba nozeli, na uwepo mrija wa kurudisha mafuta, kwa sababu pampu ya dizeli hurudisha yanayobaki. Umeme tuna bahati: Chevrolet walihama kutoka volti 6 kwenda 12 mwaka 1955. Na chujio la kutenga maji lisikose. Mazutu ya kwenye madumu yana maji. Maji yakifika kwenye pampu, umeiua.

MTUNZAJI: Hata Wamarekani walilisahau hilo chujio.

Anasema kweli, na kisa hicho kinastahili kusimuliwa kwa kila anayedhani dizeli ni neno la ushindi. Kuanzia magari ya mwaka 1978, General Motors iliuza Oldsmobile zenye V8 ya dizeli ya lita 5.7. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, wateja walitaka gari kubwa lenye kula kidogo. Wahandisi waliiunda kwa vipimo vilivyofanana na vya V8 ya petroli, ili itengenezwe na mashine zilezile za kiwandani, na bolti za silinda hedi zikabaki kwa idadi na mpangilio uleule wa petroli. Mgandamizo ndani ya dizeli ulizidi mara mbili ule wa petroli. Bolti zikarefuka, gasketi zikavuja, maji yakaingia kwenye silinda. Chujio la kutenga maji na mafuta halikuwekwa, kwa hiyo mafuta machafu ya vituoni yalikula pampu. Injini hiyo ilikoma mwaka 1985, na kabla ya hapo wenye magari wengi walikuwa wamekwenda kwa mafundi kuing'oa dizeli na kurudisha petroli. Jina la dizeli kwa magari madogo ya Marekani liliharibika kwa miaka mingi.

Ninachokiona katika kisa hicho ni kwamba kampuni kubwa ilishindwa pale ambapo gereji ya Kolwezi inaweza kufaulu. General Motors ililazimisha chuma cha petroli kibebe kazi ya dizeli kwa sababu ya gharama za kiwanda. Fundi wetu anachukua dizeli iliyozaliwa dizeli na kulijengea gari mazingira yake. Akifanya hivyo kwa ukamilifu, kazi yake ni bora kuliko ile ya kiwanda. Akifanya nusu, anarudia kosa lao, na safari hii kwa abiria wa harusi.

MAMA: Mmezungumza sana juu ya motere, hamjasema neno juu ya pua. Mimi nakaa kando ya barabara ya malori. Kiangazi chote tunameza vumbi la migodi. Nguo nyeupe sianiki nje. Malori yakisimama foleni, moshi unaingia jikoni. Sasa gari lililokuwa likila esansi mnalipa mazutu, halafu mnaliita la harusi. Watoto wangu hawahudhurii harusi hiyo, lakini moshi watauvuta.

MWANAFUNZI: Mama ana haki. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Salfa nayo ni suala. Ulaya kikomo ni sehemu 10 kwa milioni. Kenya, Tanzania na Uganda walishuka hadi 50 mwaka 2015. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tungeanza kwa kudai mafuta kama ya wenzetu. Lakini mimi nauliza zaidi: kwa nini dizeli kabisa? Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi hii, nyingi ikiwa mkoa huu. Mtaa wa Kasulo, hapa mjini, watu walichimba chini ya sakafu za nyumba zao tangu 2014. Kobalti inaondoka kwenda kuwa betri za magari ya watu wengine. Mwaka 2021 Ford yenyewe ilionyesha pikapu yake ya 1978 iliyotiwa mota za umeme. Bel Air ya Kolwezi ikitiwa umeme, itakuwa imekula chakula cha nyumbani.

FUNDI: Mwanangu, utaichaji wapi? Umeme ukikatika jioni, harusi itasubiri?

MWANAFUNZI: Papa, bwawa la Nzilo liko hapa karibu. Nyaya za kutoka mabwawa ya Inga zimesafiri karibu kilomita 1,700 na zinaishia Kolwezi. Umeme unafika, swali ni unakwenda kwa nani.

FUNDI: Unakwenda mgodini, na haujatosha hata huko. Siku utakaponionyesha betri inayouzwa hapa na mtu anayeifungua bila kupigwa shoti, nitakuja kujifunza kwako. Leo hakuna. Gari litaoza likikungoja.

Ningependa Mwanafunzi awe ameshinda. Hoja yake ni ya haki, na inauma kuona mkoa unaotoa chuma cha betri ukibaki na masizi ya malori yanayokibeba. Lakini gari moja la kale haliwezi kubebeshwa deni hilo lote. Mtu akiamua leo, kwa fedha alizo nazo na mikono iliyopo, chaguo la kweli kati ya Bel Air inayotembea na Bel Air inayooza kwenye nyasi ni dizeli isiyo na kompyuta. Havana walilijua hilo zamani. Baada ya vikwazo vya Marekani vya miaka ya 1960, spea hazikuja tena, na mafundi wa Cuba wakatia dizeli za Perkins, za Peugeot, baadaye za Toyota na Hyundai, ndani ya Chevrolet na Buick zao. Magari hayo yamebeba abiria wa kila siku kwa zaidi ya nusu karne. Yangesubiri pistoni za asili, yangekuwa yamekwisha. Mtu anayeyapiga picha kule Havana hapigi picha ya injini, ni kweli. Lakini bila injini hiyo ngeni, bodi anayoipiga picha isingekuwapo.

Kwa hiyo upande wangu uko wazi. Naunga mkono mazutu ndani ya Chevrolet ya Kolwezi, kwa gari linalofanya kazi, na kwa masharti mawili ninayoyachukua kutoka kwa wapinzani wa wazo hilo. La Mtunzaji kwanza: chasi isikatwe, mabano ya kufungia injini yawe ya bolti, na injini ya 1956 ipakwe grisi, izibwe matundu, ihifadhiwe ikiwa na maelezo ya kila kilichokutwa ndani yake, beringi ya kienyeji na bolti ya lori vikiwamo. Karatasi hiyo iwe na majina ya mafundi kadiri wazee wanavyokumbuka. Kazi yao itasomeka vizuri zaidi juu ya meza kuliko ikiwa imefichwa chini ya boneti ya gari lisilowaka.

MTUNZAJI: Na nani atailinda isiibwe kwa ajili ya skrepa?

DEREVA: Mimi nitakaa nayo. Motere ya asili ndani ya nyumba ni heshima.

Sharti la pili ni la Mama, nalo halitimizwi kwa ahadi.

MAMA: Niambieni, moshi unapunguzwaje?

FUNDI: Mama, moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa. Pampu ikipimwa kwa nchi ya chini, hapa kwenye mita 1,450 itamwaga mengi kuliko hewa iliyopo, kosa lilelile la kabureta. Naishusha. Gari litapoteza nguvu kidogo, na wengi hawataki, ndiyo maana huwasikia wakisema fundi fulani anajua kufungulia pampu. Nozeli nazipima, zikichuruzika nazibadilisha. Chujio la hewa, kwa vumbi letu, silipi muda mrefu. Sitakudanganya kwamba utapumua hewa safi: masizi membamba usiyoyaona yatabaki. Ila wingu jeusi hutaliona.

MAMA: Kwa gari moja. Na malori yanayopita mlangoni kwangu usiku kucha?

FUNDI: Pampu ni zilezile, Mama, na funguo ninazo. Hakuna aliyewahi kuwasimamisha madereva barabarani kuwauliza zimepimwa lini.

MAMA: Basi andikeni hilo kwanza, kabla ya mambo ya chasi. Gari la harusi lipimwe moshi, karatasi ibandikwe kwenye kioo, watu waione. Halafu mimi na majirani tutakwenda kwa bourgmestre, mkuu wa komuni, kuuliza kwa nini Chevrolet ya mwaka 1956 ina karatasi hiyo na lori la kampuni halina.